Bi Rahila Kificho na Klarineti Iliyongoja Radhi

Alhamisi ya tarehe 31 Julai mwaka huu, Bi Rahila Kificho atafunga mlango wa chumba cha vyombo vya kupuliza hapa Kituo cha Sanaa Mkarafuu, Chake Chake, atamkabidhi funguo Bi Yumna, mpiga klarineti mwenzake, na atakwenda zake nyumbani akiwa mstaafu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu ya utumishi.

Wafanyakazi wenzangu wameniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida letu, kwa hoja kwamba mimi ndiye ninayeketi ubavuni mwake kwenye mazoezi, na kwa hiyo nimeyasikia makosa yake yote. Nimeyatafuta makosa hayo kwa uaminifu. Nimepata moja tu la kuandikwa, nalo lilitokea mbele ya ukumbi mzima, na hakuna aliyekuwepo ambaye angekubali lisitokee. Nitalifikia.

Bi Rahila alizaliwa Kisiwa Panza, binti wa kwanza wa Bi Mwanabaraka, bibi ambaye hata leo, akiwa amevuka miaka themanini, akikohoa mlangoni kwake watoto wa mtaa huacha kupigana. Bi Rahila alisoma kwao, akaja kumalizia Chake, na mwaka 1992 akaajiriwa hapa kituoni kuwa mpiga chapa. Dirisha la ofisi yake lilitazamana na chumba cha bendi. Mkuu wa bendi wa wakati huo, marehemu Mzee Haroub, alikuwa na klarineti moja isiyo na mwenyewe, kwa kuwa vijana wote walitaka tarumbeta. Siku moja akagundua kuwa yule karani mpya anapiga chapa barua za serikali kwa mapigo yaleyale yaliyokuwa yakitoka kwenye bendi, na bendi ikisimama, naye anasimama. Akamwita, akampa klarineti, akamwambia ajaribu.

Sauti ya kwanza iliyotoka iliwafanya majirani watume mtu kuja kuuliza ni bata gani anachinjwa siku ya kazi. Baada ya mwaka mmoja majirani haohao walituma mtu kuuliza mbona leo kimya.

Habari zilifika Panza kabla yake. Bi Mwanabaraka alimsikiliza binti yake mpaka mwisho, kisha akasema neno moja ambalo Bi Rahila ametuigizia mara nyingi kwa sauti ya mamake: "Mwanamke hupuliza moto, mwanangu." Hakugomba wala hakukataza. Lakini tangu siku hiyo jambo hilo halikutajwa tena baina yao. Bi Rahila alikwenda Panza kila alipopata nafasi, akapeleka mchele, sukari na kanga, na klarineti akaiacha Chake. Mama naye hakukanyaga kituoni hata mara moja. Walipendana, wakacheka, wakazungumza kila kitu cha dunia na cha akhera isipokuwa hicho, miaka yote hiyo.

Alipofariki Mzee Haroub, Bi Rahila alipewa vyombo vyote vya kupuliza. Vyenyewe vilikuwa hoi. Unyevunyevu wa kisiwa chetu unazipenda klarineti kama mchwa wanavyopenda mlango, na vile vipande vidogo vya kuzibia matundu vilikuwa vimeoza. Bi Rahila alikwenda kwa fundi wa makubadhi, akaomba vipande vya ngozi laini, akavikata kwa mkasi wa kucha. Zipo klarineti mbili hapa ambazo mpaka leo zinaimba kwa ngozi ya kubadhi, na mpigaji wa mojawapo anaapa kuwa katika joto kali chombo chake kinanuka miguu.

Wanafunzi aliwaanzishia kwenye chupa za soda. Aliyeweza kutoa sauti safi kwa kupuliza mdomo wa chupa alipandishwa filimbi. Asiyeweza alirudishwa kunywa soda nyingine. Mwenye duka mmoja wa Wawi alikuja kulalamika kwamba chupa zake zinarudi zikiwa na mate na hazirudi kwa wakati. Alibembelezwa, akapewa kiti, akaambiwa ajaribu na yeye. Ndiye anayepiga tuba yetu leo, lile tarumbeta nene la kukumbatiwa.

Kila Ramadhani ilipokaribia aliulizwa kama kulilowesha tete la klarineti, kile kibapa cha mdomoni, kwa ulimi kunatengua funga. Hakutaka kujitia ushehe. Alihamisha masomo yote yakawa baada ya futari, na matokeo yake ni kwamba wanafunzi wa Ramadhani walikuwa wazuri wa moyo lakini wazito wa pumzi, kwa sababu ya mihogo ya nazi.

Kutoka mikononi mwake wametoka wapigaji waliokwenda kwenye bendi za vikosi, walimu wa muziki wa Unguja na Bara, na Usama Suud. Huyu Usama alijifunza klarineti hapa mpaka akawa kijana, kisha jamaa zake wakamchukua Maskati, akasoma muziki, na sasa ni kiongozi wa okestra na mwalimu hukohuko. Mwaka jana aliposikia kuwa mwalimu wake anakaribia kustaafu, alipiga simu. Alisema anakuja kwa gharama zake kuongoza onyesho la kumuaga: okestra kamili, fidla kutoka Unguja, vyombo vya kupuliza vya Mkarafuu, na muziki wa Ulaya wa karne ya kumi na tisa, ule ambao wataalamu wanauita wa Kiromantiki, uliotungwa na watu waliopenda kumwaga moyo wote bila kubakisha akiba. Na kilele cha onyesho kingekuwa kazi ya klarineti na okestra, ambamo klarineti inasimama mbele peke yake. Klarineti hiyo, alisema Usama, ataipiga Mwalimu.

Bi Rahila alikataa. Alisema yeye ni mtu wa safu ya nyuma. Usama akamwambia kwamba tiketi ya ndege ameshakata. Ndipo akakubali, na kuanzia hapo tulisikia klarineti kila asubuhi kabla ya saa za kazi, sehemu ileile ya polepole, mpaka mlinzi wa lango akawa anaimba nayo kwa pua.

Sasa niwaeleze kuhusu mabango. Maneno ya bango yalitoka Maskati yakiwa yameandikwa "muziki wa Kiromantiki". Mchapaji, ambaye hakuwahi kukutana na neno hilo, alidhani ni Kiingereza cha mapenzi kilichokosewa kwa haraka na kwa nia njema akalisahihisha. Mji wa Chake ukaamka siku moja na kukuta ukutani picha ya Bi Rahila, mwanamke wa miaka hamsini na tisa mwenye miwani, ameshika klarineti, na juu ya kichwa chake kwa herufi nyekundu: JIONI YA MUZIKI WA MAHABA.

Kwa siku mbili hatukufanya kazi nyingine ila kupokea simu. Wapo waliouliza kama wanaruhusiwa kuja na wake zao, na wapo waliouliza kama wanaruhusiwa kuja bila wake zao. Siku ya tatu akaja Sheha Jecha, mkuu wa mtaa wetu, mwenyewe na bakora yake, akasema ametumwa na wazee wa mtaa aje atazame hayo mahaba ni ya namna gani. Usama, aliyekuwa ameshawasili, alimpa kiti, na okestra ikampigia ile sehemu ya polepole kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sheha aliisikiliza yote akiwa ameegemeza kidevu kwenye bakora. Kisha akauliza mwimbaji yuko wapi. Tukamwambia hakuna mwimbaji. Akauliza maneno yatakuja lini. Tukamwambia hayana maneno, ni sauti tupu.

"Mapenzi yasiyotaja mtu hayana kesi," alisema.

Akaruhusu, kwa sharti moja: msikiti uko ukuta kwa ukuta na ukumbi wetu, kwa hiyo sauti ya mwisho iwe imekwisha kabla ya adhana ya magharibi. Usama alikubali haraka sana. Tungeanza mara tu baada ya alasiri na wakati ungebaki.

Kumbe picha ya bango ilikuwa imeshafika Panza, ndani ya simu ya mjukuu. Siku moja kabla ya onyesho tulikuwa mazoezini, Bi Rahila akimwelekeza Yumna mahali pa kuvuta pumzi, mara akasimama wima kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlangoni alikuwa amesimama Bi Mwanabaraka na buibui lake na mkoba wa ukili. Alikuwa amevuka kwa mashua hadi Chokocho, akapanda gari, akaja akiuliza njia, kwa kuwa alikuwa hapajui kazini kwa mwanawe.

Hakuna aliyemfukuza mwenzake chumbani, na hakuna aliyetaka kutoka. Bi Rahila alikwenda, akambusu mamake mkono, akampa kiti chake. Mama akauliza kama ni kweli kesho atasimama mbele ya watu wazima na wake zao kupuliza mahaba. Bi Rahila alimweleza habari ya mchapaji, lakini sote tuliona kwamba kisa cha mchapaji hakikuwa jibu la swali lenyewe. Ndipo akapiga magoti.

"Mama, kupuliza napenda," alisema. "Lakini bila radhi yako sipulizi. Ukisema niache, naacha leo."

Usama alikaa kwenye kiti ambacho hakikuwepo, akadakwa na mtu wa tuba. Hakukuwa na mtu mwingine wa kuipiga ile sehemu. Yumna aliwahi kuijaribu, na palepale alininong'oneza kwamba kesho anahisi atakuwa na homa.

Bi Mwanabaraka aliomba maji, akanywa, akatutazama mmoja mmoja kama anayechagua samaki. Kisha akasema na binti yake.

"N'takaa mbele. Nikiona haya, n'tasimama. Nikisimama, hilo bomba liweke chini."

Bi Rahila akasema, "Ndiyo, mama," mbele yetu sote.

Jumamosi ilipofika, bango lile la makosa lilitufanyia kazi ambayo bango sahihi lisingeiweza. Watu walikuja kutoka Vitongoji, Wawi, Wete na Mkoani. Walikuja waliotaka muziki, waliotaka mahaba, na waliotaka kujua nani mwingine amekuja kutafuta mahaba. Viti vilikwisha kabla hata wapiga fidla hawajakaa, ikabidi tukaazime vingine kwenye nyumba ya harusi mtaa wa pili, na watu wa harusi wakavifuata viti vyao wakaja navyo. Tulichelewa kuanza. Usama alikuwa akitazama saa yake, kisha dirisha, kisha saa.

Kipande cha kwanza kilikuwa cha tarumbeta na honi za shaba, cha kishindo, na ukumbi ulikipenda mno. Bi Ghania, ambaye kila mpenzi wa taarabu hapa Chake anamjua, aliinuka kama inavyopasa, akaja mbele kwa madaha, noti mkononi, kutunza, akatafuta mwimbaji, hakumwona, akachagua chombo kikubwa kuliko vyote na kutumbukiza noti yake kwenye mdomo wa tuba. Tuba ikapiga sauti zilizofuata kama mtu mwenye mafua. Wengine wakaona ndiyo desturi, wakafuata. Mpaka mwisho wa kipande kile tuba ilikuwa bubu kabisa, na mwenyewe akawa anapuliza huku anacheka, na hivyo hakuna kilichotoka upande wowote.

Kisha Bi Rahila akatoka mbele. Alivaa buibui la hariri na mtandio wa rangi ya zambarau, na klarineti ameishika kwa mikono miwili. Mamake alikuwa safu ya kwanza, mkoba mapajani, kando ya Sheha Jecha. Sisi wa kituoni, wote tuliokuwa na kitu mdomoni, hatukumtazama Usama kama inavyotakiwa. Tulikuwa tunamtazama Bi Mwanabaraka.

Sehemu ya kwanza ikapita, mama amekaa. Ikaja ile ya polepole. Sijui niieleze vipi. Klarineti inaanza chini, kama mtu anayezungumza peke yake jikoni, na fidla zinamjibu kwa mbali, kisha inapanda taratibu mpaka mahali ambapo pumzi ya kawaida inaishia, nayo inaendelea. Hata watoto waliokuja na viti vya harusi waliacha kusukumana. Bi Rahila alifumba macho. Alipofika kule juu kabisa aliyafumbua, na wakati uleule Bi Mwanabaraka akashika mgongo wa kiti na kusimama.

Hapa ndipo lilipotokea lile kosa. Bi Rahila aliishusha klarineti.

Aliishusha pole, akaiweka chini kwenye zulia, akanyooka akiwa amekunja mikono. Machozi yalikuwa yameshafika kwenye miwani. Okestra haikujua la kufanya. Fidla za Unguja ziliendelea kidogo peke yao, kisha zikakatika moja moja kama maji ya bomba. Mikono ya Usama ilibaki hewani. Ndipo Bi Mwanabaraka akazungumza kwa sauti ya kwao Panza, inayosikika ng'ambo.

"Mbona wanyamaa? Miye naunyosha mguu, umekufa ganzi. Hebu puliza."

Nimehudhuria harusi nyingi na maulidi mengi, na sijawahi kusikia kicheko kama kile. Sheha Jecha aliangusha bakora. Bi Ghania alimkumbatia mtu asiyemjua. Bi Rahila aliiokota klarineti, akaiweka mdomoni, na hapo tukakumbuka wote kwa pamoja jambo ambalo yeye mwenyewe ametufundisha tangu siku ya kwanza: mpuliza klarineti akicheka, midomo haishiki. Alijaribu, ikatoka sauti ya bata. Ukumbi ukaanza upya. Akajaribu tena, bata wa pili. Mama yake, ambaye alikuwa bado amesimama akiukung'uta mguu, alisema kwa upole kwamba hana haraka, nalo hilo halikusaidia kitu.

Mwishowe alitulia, akavuta pumzi, akaanza tena kutoka kule chini. Safari hii hakufumba macho. Alipiga akimtazama mamake, na mamake alikaa, akakunja mikono juu ya mkoba, akamtazama yeye. Walipofika kule juu hakuna aliyesimama.

Lakini jua halikutungoja. Sehemu ya mwisho bado, na ni ndefu, na dirishani mwanga ulikuwa umeshageuka. Usama alitutazama kwa macho ya mtu aliyewahi kukimbilia boti. Akainua kijiti na kuanza kwa kasi ambayo mtunzi wake, popote alipo, hakuwahi kuiota. Kila mtu alishika alipoweza. Fidla zilitimua vumbi, filimbi yangu ilikuwa ikitafuta sauti na kuikuta imeshapita, na tuba, ikiwa imetapishwa noti zake zote, ilirudi kwa nguvu za ng'ombe. Bi Rahila peke yake alionekana kama mtu anayetembea sokoni. Vidole vyake vilikwenda kama mvua ya vuli juu ya bati, na alikuwa anatabasamu kwa macho, kwa kuwa kwa midomo alikuwa ameshajifunza.

Tulipiga sauti ya mwisho, sote, kwa pamoja. Ikakatika. Na kabla mikono ya watu haijakutana kwa makofi, mwadhini akaanza.

Hakuna aliyepiga makofi. Adhana ikasikilizwa mpaka mwisho, kisha watu wakainuka taratibu wakatoka kwenda kuswali, na wapigaji nao wakaweka vyombo wakatoka. Ukumbi ulibaki na viti vya harusi. Tulidhani jioni yetu imekwisha hivyo.

Walirudi. Baada ya magharibi walirudi kama walivyoondoka, wanaume wakiwa bado na maji ya udhu kwenye ndevu, wakarudi kila mtu mahali pake, na hawakukaa. Wakapiga makofi yao. Walikuwa wameyabeba mpaka msikitini na kuyarudisha mazima, na yalidumu mpaka Usama akachoka kuinama. Hapo Bi Mwanabaraka akasogea mbele, akamwonyesha Usama kwa kidole.

"Huyu mwenye kijiti hakupuliza hata mara moja, nanyi mwampigia makofi," alisema. "Mpigieni mwanangu."

Kisha akamwekea Bi Rahila mkono kichwani, akamwombea dua kwa sauti ya chini, na hiyo hatukuisikia wala haikuwa yetu. Tulichokiona ni kwamba Bi Rahila alipoinuka alionekana ametua mzigo ambao sisi, tuliokaa naye miaka yote, hatukujua kuwa alikuwa ameubeba kila siku pamoja na kile kisanduku cha klarineti. Asubuhi yake waliondoka wote wawili kwenda Panza, na kisanduku alikishika mama.

Hayo ndiyo makubwa ya utumishi wake. Madogo ni mengi: vikombe vya mashindano kabatini, wanafunzi wanaompigia simu siku za Idi kutoka miji ambayo hatuwezi kuitamka, na ukweli kwamba hapa Mkarafuu leo wasichana wanaopuliza ni wengi kuliko wavulana, na hakuna mzazi anayeuliza.

Bi Rahila, umetufundisha kwamba pumzi haitoki kifuani, hutoka tumboni, na kwamba anayetaka kupiga sauti ndogo anahitaji pumzi kubwa. Tunakushukuru kwa subira yako, kwa ukali wako wa kila asubuhi, saa mbili kasoro dakika tano, kwa wachelewaji, na kwa chai ya tangawizi uliyotupikia sote tukiwa na mafua. Yumna anakuomba usizime simu. Sheha anauliza onyesho lingine lini. Nenda Panza ukapumzike, ulale mpaka jua litoke, ule samaki wa moto, ukae barazani na Bi Mwanabaraka mchekee yote mliyokuwa hamjayasema. Mwenyezi Mungu akupe afya, umri mrefu wenye heri na siku tamu tele, na sisi unaotuacha atupe pumzi ya kukufuata.

Nusaiba Hafiz
Mpiga filimbi, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kituo cha Sanaa Mkarafuu